Kutoka Kompyuta hadi Dawati la Nyuma: Namna ya Kuunganisha Kompyuta na Stirio

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, mvua huanza kunyesha kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo mwalimu afundishaye chini ya paa la bati lisilo na dari huwa na mshindani asiyenyamazishwa kwa kukemewa. Matone yaanzapo kuanguka, sauti ya mwalimu huishia kwenye madawati ya mbele. Taabu huzidi pale somo linapotolewa kwa kompyuta, kwa mfano mazungumzo ya Kiingereza yaliyorekodiwa, au filamu fupi ya mapigo ya moyo. Spika za kompyuta mpakato, ambazo nyingi hazizidi sana upana wa kizibo cha soda, humtosha mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Wanafunzi hamsini haziwatoshi.

Aghalabu, wakati huohuo, nyumbani kwa mwalimu au katika ofisi ya shule kuna redio kaseti, stirio au sabufa yenye nguvu ya kutosha ukumbi mdogo. Vyombo hivi viwili vikiunganishwa ipasavyo, darasa zima husikia. Vikiunganishwa ovyo, matokeo yake ni mvumo, sauti ya kukwaruza, na pengine kompyuta pekee ya shule kuungua. Tofauti kati ya matokeo hayo inategemea mambo machache ya fizikia ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuyaelewa na kuyapima mwenyewe.

CHOMBO KIMOJA, WASIKILIZAJI WENGI

Kusikiliza kwa pamoja si jambo geni Tanzania. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania. Kikundi kilikusanyika kuzunguka redio moja, kikasikiliza, kisha kikajadili yaliyosemwa. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, na matangazo yake yakawafikia wakimbizi na wenyeji wa nyanda hizi, Kibondo na Kasulu zikiwamo.

Kilichobadilika ni chanzo cha sauti. Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu ilitegemea jenereta za dizeli, hadi gridi ya Taifa ilipoufikia mkoa wa Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 2020. Mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, umemejua hutumika. Kwa hiyo kompyuta imeingia katika shule ambazo zamani zilikuwa na redio ya betri tu. Lakini redio ilitengenezwa ili isikiwe na watu wengi, ilhali kompyuta mpakato ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja.

KWA NINI SPIKA NDOGO HAZITOSHI

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana mwenye afya hupokea mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, yaani hezi (Hz) 20 hadi 20,000. Mitetemo michache hutoa sauti nzito kama ya ngoma kubwa. Mitetemo mingi hutoa sauti nyembamba kama ya filimbi.

Ili spika itoe sauti, ngozi yake haina budi kuisukuma hewa mbele na nyuma. Hapa kuna sheria inayozibana spika ndogo. Sauti ikishuka kutoka hezi 400 hadi hezi 200 bila ukubwa wake kupungua, ngozi ya spika yapaswa kusogea umbali mara 4 ya ule wa kwanza. Ikishuka hadi hezi 100, umbali huo huwa mara 16. Spika yenye upana wa sentimeta 3, iliyobanwa ndani ya kompyuta nyembamba, haina nafasi ya kusogea kiasi hicho. Ndiyo maana ngoma husikika kama kopo likigongwa. Spika ya stirio yenye upana wa sentimeta 15 au 20 husukuma hewa nyingi kwa msogeo mdogo.

Hata hivyo, yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani uzuri wa muziki na uwazi wa maneno. Uzuri wa muziki hudai sauti nzito. Uwazi wa maneno hutegemea zaidi mitetemo iliyo kati ya hezi 1,000 na hezi 4,000, kwa sababu humo ndimo zilimo alama nyingi zinazotofautisha konsonanti. Irabu zina nguvu nyingi na husikika mbali. Konsonanti kama f, s na t ni dhaifu na hupotea upesi. Mwanafunzi wa dawati la nyuma asemapo kuwa anasikia sauti lakini haelewi maneno, mara nyingi ni kweli tupu: irabu zimemfikia, konsonanti zimemezwa na mvua. Kwa ajili ya somo, basi, stirio haitakiwi kwa mshindo wake. Inatakiwa kwa kuwa yaweza kutoa sauti kubwa bila kuiharibu.

NAMBA ZINAVYOGEUKA KUWA SAUTI

Ndani ya kompyuta sauti huhifadhiwa kama namba. Wakati wa kurekodi, kimo cha wimbi hupimwa mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huandikwa. Katika diski ya muziki, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia. Kila kipimo huchaguliwa kati ya ngazi 65,536. Kanuni ya hesabu yaonyesha kwamba vipimo hivyo huweza kurudisha mitetemo yote iliyo chini ya nusu ya idadi yao, yaani chini ya hezi 22,050. Hiyo yapita uwezo wa sikio.

Wakati wa kusikiliza, saketi ndogo ndani ya kompyuta huzigeuza namba kuwa volteji inayopanda na kushuka, na volteji hiyo hutokea kwenye tundu la hedifoni. Amplifaya ya stirio huipokea, huikuza, na kuisukuma kwenye spika. Huo ni mnyororo: rekodi, kigeuzi, waya, amplifaya, spika, hewa ya darasa, sikio. Mnyororo huwa imara kwa kadiri ya pete yake iliyo dhaifu kuliko zote. Rekodi iliyochukuliwa kwa simu kutoka mwisho wa ukumbi, kisha ikabanwa ili isijaze nafasi, imekwisha kupoteza sehemu ya konsonanti zake. Amplifaya huikuza ilivyo, makosa yake yakiwamo, kilichopotea haikirudishi.

TUNDU LIPI KWA WAYA UPI

Nyuma ya stirio huwa na matundu kadhaa yanayofanana kwa umbo, lakini yanatofautiana sana kwa volteji. Makosa mengi huanzia hapa.

Tundu la maikrofoni, lililoandikwa MIC, hungojea volteji ndogo mno, sehemu chache za elfu za volti. Tundu la gramafoni, lililoandikwa PHONO, nalo hungojea kama volti 0.005 kutoka kwenye sindano ya santuri. Tena santuri hukatwa sauti nzito zikiwa zimepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, na tundu hilo hufanya kinyume ili kusawazisha. Tundu lililoandikwa AUX au LINE IN hungojea volteji ya kadiri, kama volti 0.3. Hatimaye kuna matundu ya kutoa umeme kwenda kwenye spika.

Tundu la hedifoni la kompyuta huweza kutoa hadi volti 1 hivi. Mahali pake, basi, ni AUX au LINE IN. Volteji hiyo ikiingizwa kwenye MIC, huwa kubwa mara mamia kuliko inavyotarajiwa. Vilele vya mawimbi hukatwa, na sauti hukwaruza. Ikiingizwa kwenye PHONO, hukwaruza vilevile, na juu ya hayo huwa nzito na yenye kufumba.

Hatari kubwa ni kugeuza njia, yaani kuchukua umeme uliokusudiwa spika na kuuingiza katika kompyuta. Amplifaya inayotoa wati 20 kwenye spika ya omu 8 hutoa volteji ambayo mraba wake ni 20 mara 8, yaani 160. Kipeo chake cha pili ni karibu 12.6. Volti 12.6 katika tundu lililoundwa kwa volti 1 huweza kuua saketi ya sauti, na pengine kompyuta nzima. Kanuni moja yapasa kukaririwa: waya hutoka pale sauti inapotolewa na kuingia pale sauti inapopokelewa; haurudi kinyume.

Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini waya wa hedifoni usiunganishwe moja kwa moja na spika kubwa, bila amplifaya. Hesabu ya vikinzani yajibu. Chukua tundu linalotoa volti 1 lenye ukinzani wa ndani wa omu 30. Likiunganishwa na AUX yenye ukinzani wa omu 10,000, sehemu ya volteji inayofika ni 10,000 kugawanya kwa 10,030, yaani karibu yote. Likiunganishwa na spika ya omu 8, sehemu inayofika ni 8 kugawanya kwa 38, yaani volti 0.21. Nguvu yake ni mraba wa 0.21 kugawanya kwa 8, ambayo haifiki hata wati 0.006. Spika itanong'ona tu.

Waya unaohitajika hupatikana katika maduka ya redio. Upande mmoja una plagi ya milimita 3.5 yenye sehemu tatu: ncha kwa sauti ya kushoto, pete kwa sauti ya kulia, na shina kwa waya wa pamoja. Upande wa pili una plagi mbili, nyeupe ya kushoto na nyekundu ya kulia. Katika kompyuta nyingi za mezani tundu la kijani hutoa sauti, la waridi ni la maikrofoni, na la buluu hupokea sauti.

Iwapo redio ni ya zamani na ina njia moja tu ya kupokea, waya wa kushoto na wa kulia haifai kusokotwa pamoja, kwa kuwa kila upande utajaribu kuulazimisha mwingine. Kila waya na upitie kwanza kikinzani cha omu 1,000, kisha viunganishwe baada ya hapo. Njia nyepesi zaidi ni kuiagiza kompyuta, katika mipangilio yake ya sauti, itoe sauti ileile pande zote mbili, na kutumia upande mmoja tu.

Sabufa nyingi za siku hizi hupokea sauti pia kwa Bluetooth, yaani kwa mawimbi ya redio yasiyohitaji waya. Njia hii huepusha makosa ya matundu, lakini sauti hubanwa ili ipite hewani, na aghalabu huchelewa sehemu ndogo ya sekunde. Hata hivyo, kwa maneno ya somo yafaa.

MVUMO USIOTAKIWA

Baada ya kuunganisha, huenda ukasikika mvumo wa kudumu hata kompyuta isipotoa sauti. Umeme wa gridi hubadili mwelekeo wake kwa hezi 50, na mvumo huwa wa hezi 50 au 100. Chanzo chake mara nyingi ni mzunguko wa waya wa ardhi. Kompyuta na amplifaya, kila moja ikiwa imeunganishwa na ardhi kupitia soketi yake, huwa na njia mbili za ardhi: moja ukutani na nyingine kupitia waya wa sauti. Mkondo mdogo huzunguka katika njia hizo, na amplifaya huukuza kana kwamba ni sehemu ya somo.

Uchunguzi wake ni mwepesi. Chaja ya kompyuta mpakato ichomolewe na kompyuta iendeshwe kwa betri yake. Mvumo ukikoma, chanzo kimejulikana. Dawa ya kwanza ni kuvipatia vyombo vyote umeme kutoka ekstensheni moja. Dawa ya pili ni kuendelea kutumia betri wakati wa somo. Dawa ya tatu ni transfoma ndogo ya sauti, ambayo hupitisha mawimbi kwa usumaku bila kuunganisha nyaya za pande mbili. Lililokatazwa kabisa ni kukata mguu wa ardhi wa plagi. Mvumo huondoka kweli, lakini huondoka pamoja na kinga. Siku waya wa volti 230 utakapogusa bati la amplifaya, atakayeligusa ndiye atakayekuwa njia ya kwenda ardhini.

Radi nayo yataka tahadhari. Mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na nyanda za Kigoma ziko jirani. Dalili za radi zionekanapo, plagi zote zichomolewe ukutani. Kuzima swichi hakutoshi.

MAHALI PA SPIKA

Wengi hudhani kwamba darasa lisiposikia, dawa ni kununua wati zaidi. Hesabu yaonyesha vinginevyo. Sikio huona sauti imekuwa kubwa maradufu pale nguvu inapoongezwa karibu mara 10. Kutoka wati 10 hadi wati 20 ni ongezeko ambalo msikilizaji hulitambua kwa kiasi tu.

Umbali, kwa upande wake, una nguvu nyingi. Mahali pa wazi, ukali wa sauti hupungua kwa mraba wa umbali. Anayeketi mita 8 kutoka kwenye spika hupata sehemu 1 ya 64 ya kile anachopata aliye mita 1. Spika ikisogezwa hadi mita 4 kutoka kwake, hupata mara 4 ya awali, sawa na kuongeza wati mara 4 bila kutumia hata senti. Ndani ya darasa kuta hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo tofauti hupungua, lakini sauti iliyorudi ukutani hufika imechelewa na huyafumba maneno. Kinachofaa ni sauti inayofika moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo spika mbili za stirio hazina lazima ya kukaa pande mbili za ubao. Zaweza kuwekwa katikati ya kuta za pembeni, juu kidogo ya vichwa vya walioketi, zikielekea nyuma. Spika nzito ya sabufa haifai kuwekwa kwenye pembe ya chumba, maana pembe huongeza mshindo. Kitufe cha sauti nzito kipunguzwe. Kuhusu ukubwa wa sauti, kompyuta iwekwe karibu robo tatu ya uwezo wake, amplifaya ianze sifuri na kupandishwa polepole. Kompyuta ikiwekwa chini mno, amplifaya hulazimika kukuza pamoja na sauti kelele ndogo za saketi.

Kuna mpaka pia. Mvua kubwa juu ya bati hutoa kelele ya mitetemo ya kila namna, ikiwamo ileile ya konsonanti. Amplifaya huweza kushinda mvua ya kadiri. Mvua kubwa ikija, sauti inayoishinda huwa mateso kwa walio karibu na spika, na huweza kudhuru masikio yao. Hapo mwalimu mwenye busara husimamisha rekodi na kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika.

JARIBIO LA DARASANI

Haifai kukubali kwamba stirio imesaidia kwa sababu tu sauti imekuwa kubwa. Jambo hili laweza kupimwa. Mwanafunzi mmoja arekodi kwenye kompyuta maneno 20, akichagua kila mara neno moja tu kutoka katika jozi zinazokaribiana: pata na bata, fua na vua, sana na zana, tua na dua, shuka na suka, chema na jema. Atunze orodha yake kwa siri. Kila mwanafunzi mwingine apewe karatasi yenye jozi hizo kwa mpangilio wa kurekodiwa, naye aweke alama kwenye neno alilosikia.

Jaribio lifanywe kwanza kwa spika za kompyuta, kisha, kwa orodha nyingine, kwa stirio. Wastani wa majibu sahihi ukokotolewe kwa kila safu ya madawati, na uchorwe kwenye grafu dhidi ya umbali kutoka kwenye spika. Likumbukwe jambo moja: mwanafunzi asiyesikia chochote, akibahatisha tu, atapata karibu 10 kati ya 20. Safu yenye wastani wa 11, basi, haikusikia zaidi kidogo ya nusu ya maneno. Karibu haikusikia kitu. Jaribio lirudiwe siku ya mvua ndogo, na spika zikiwa zimehamishwa. Grafu hizo zitaonyesha mahali pa spika panapolifaa darasa lile hasa, jambo ambalo hakuna kasha la dukani liwezalo kulieleza.

Chombo kipya hakilazimu kununua kila kitu upya. Redio kaseti ambayo kaseti zake zimekwisha kuharibika bado ina amplifaya na spika njema, na mara nyingi kinachoitenganisha na kompyuta ni waya mmoja na ujuzi wa tundu la kuuchomeka. Mwanafunzi aketiye nyuma kabisa katika darasa la Kasulu au Kibondo amelitembelea somo lile umbali uleule aliotembea wa mbele, na pengine zaidi. Yapasa naye alisikie.